Programu imeonyesha anwani 41,000 kwenye duka la bidhaa 900: nianzie wapi ukaguzi wa SEO?

Swali: Nina duka la mtandaoni la viatu. Bidhaa ni kama 900, kategoria 20, na makala za ushauri zipatazo 150. Wageni wanaotoka Google wamekuwa wakipungua taratibu, nikaamua kufanya mwenyewe ukaguzi wa kiufundi wa SEO, yaani wa mambo yanayoifanya tovuti ipatikane Google. Nilipakua Screaming Frog, programu inayotambaa tovuti: inafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa kufuata viungo. Toleo la bure liliishia anwani 500, nikalipia leseni. Safari ya pili ilipita anwani 41,000 nikaizima. Ripoti imejaa maonyo ya kila rangi. Fundi wangu anataka tuzuie kurasa zote za vichujio (zile zinazotokea mteja akichagua rangi au saizi) kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti zisiingie, leo leo. Mwenzake anasema robots.txt peke yake haitoshi, tuongeze na noindex, lebo ya kukataa kuorodheshwa, kwenye kurasa hizo hizo. Nianzie wapi?

Jibu: Mwambie fundi asubiri kidogo. Kila pendekezo kati ya hayo mawili lina mahali pake, lakini yakiwekwa pamoja siku moja yanabatilishana, na nikifika huko nitaeleza kwa nini. Kabla ya hapo, ripoti yako imeshakuambia jambo kubwa ambalo limefunikwa na maonyo. Duka lenye bidhaa 900, kategoria 20 na makala 150 linapaswa kuwa na anwani elfu moja na kitu. Programu imepita 41,000 na ilikuwa bado inaendelea. Hizo 40,000 za ziada zimetoka wapi? Kulijibu swali hilo ndiko kufanya ukaguzi. Orodha ya makosa inayotolewa na programu ni malighafi tu. Programu haijui ukurasa upi unakuletea wateja na upi umezaliwa bila mtu kukusudia, na kosa moja lililo kwenye kiolezo italihesabu mara elfu kama kiolezo hicho kinatumika kwenye kurasa elfu.

Mimi hufanya kazi na orodha tatu. Ya kwanza ni ya kurasa unazotaka zipatikane Google. Hii inatoka kwako, kwenye hifadhidata ya bidhaa, kategoria na makala, wala usiitafute kwenye programu yoyote. Ya pili ni ya anwani ambazo roboti, yaani programu ya kutambaa kama uliyolipia, inazifikia ikianzia ukurasa wa mwanzo na kufuata viungo. Ya tatu ni ya anwani ambazo Google imezitembelea kweli na kuziweka kwenye faharasa yake, hazina inayotolea matokeo ya utafutaji. Hii utaipata Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, na kwenye kumbukumbu za seva (orodha ya maombi yaliyoifikia seva) kama mwenyeji wa tovuti yako anazitoa. Karibu kila tatizo la kiufundi lenye uzito huonekana pale orodha hizi zinapopishana. Bidhaa iliyo kwenye orodha ya kwanza lakini haipo kwenye ya pili haina kiungo kinachoifikia. Anwani iliyo kwenye ya pili lakini haipo kwenye ya kwanza ni takataka inayozalishwa na mfumo. Iliyo kwenye ya kwanza na ya pili lakini ikakosekana kwenye ya tatu, hiyo Google ama bado haijaitembelea ama imeiona ikaiacha, na lazima ujue sababu.

Sasa tambaa upya, ila rekebisha mipangilio kwanza, maana ukaguzi mwingi huharibikia hapa. Weka programu ihifadhi data kwenye diski badala ya kumbukumbu ya RAM, la sivyo kompyuta itaishiwa nguvu katikati ya safari. Badilisha jina la roboti liwe Googlebot (roboti ya Google) ya simu, kwa kuwa Google sasa hutumia hasa toleo la simu la tovuti katika kuorodhesha. Kama menyu ya simu imeficha nusu ya kategoria zako, unataka kulijua hilo. Hapa kuna mtego: seva nyingi zina ukuta wa ulinzi unaowakataa wanaojiita Googlebot bila kuwa Googlebot. Googlebot wa kweli huthibitishwa kwa kuitafuta anwani yake ya IP kinyumenyume kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, na jina linalorudi huishia googlebot.com au google.com. Wewe huna jina hilo, kwa hiyo unaweza kurudishiwa msimbo 403 (umekataliwa) kila ukurasa ukadhani tovuti imeharibika. Mwombe anayesimamia seva airuhusu IP yako wakati wa kazi.

Punguza na kasi. Kwa kawaida programu hii hutuma maombi matano kwa wakati mmoja, na seva ndogo ikilemewa itaanza kutoa misimbo ya 500 (seva imeshindwa) ambayo umeisababisha wewe. Ukiona misimbo hiyo, punguza kasi, zijaribu tena anwani hizo peke yake, ndipo uandike chochote.

Na jambo hili nalisema kwa mkazo: usiiruhusu programu itambae ikiwa imeingia kwa akaunti ya msimamizi. Roboti hufuata kila kiungo inachokiona, na kiungo kilichoandikwa "futa bidhaa" kwake ni kiungo kama vingine.

Iambie pia isome ramani ya tovuti yako ya XML, faili linaloorodhesha kurasa zako, iunganishe na Search Console kupitia mipangilio ya API (njia ya programu mbili kupeana data), na safari ikiisha endesha uchambuzi wa baada ya kutambaa unaoitwa Crawl Analysis. Bila hatua hiyo ya mwisho, orodha ya kurasa yatima, zisizofikiwa na kiungo chochote, itabaki tupu nawe utafurahi bure.

Matokeo yakitoka, panga anwani kwa alfabeti, kisha shuka nazo ukizisoma kwa macho. Grafu ziache kwanza. Naamini hutafika mbali kabla hujakutana na kitu kama hiki:

/viatu/wanaume?rangi=nyeusi
/viatu/wanaume?rangi=nyeusi&saizi=42
/viatu/wanaume?saizi=42&rangi=nyeusi
/viatu/wanaume?saizi=42&rangi=nyeusi&panga=bei

Mstari wa pili na wa tatu ni ukurasa mmoja wenye viatu vilevile. Tofauti ni kwamba mmoja alibofya rangi kwanza na mwingine alianza na saizi. Kwa mashine hizo ni anwani mbili. Sasa tupige hesabu. Tuseme kila kategoria ina rangi 8, saizi 10 na njia 4 za kupanga. Kichujio kimoja kimoja kinatoa anwani 22. Vikichaguliwa viwili kuna michanganyiko 152, na kila mmoja unaweza kuandikwa kwa mpangilio wa aina mbili, hivyo 304. Vikichaguliwa vyote vitatu kuna michanganyiko 320, mara mipangilio 6, ni 1,920. Ongeza ukurasa wa kategoria wenyewe, jumla ni 2,247. Zidisha kwa kategoria 20: 44,940. Na hapo hatujagusa ukurasa wa pili, wa tatu na wa nne wa kila mchanganyiko. Ulipoizima programu kwenye 41,000 hukuwa mbali na hesabu hii.

Je, hili ndilo linalokushushia wageni? Inawezekana, lakini usilichukulie kuwa limethibitika. Google inasema bajeti ya kutambaa, yaani kiasi cha kurasa inachoweza na inachotaka kutembelea kwenye tovuti, inawahusu zaidi wenye kurasa milioni moja na kuendelea, au wenye kurasa 10,000 na kuendelea zinazobadilika kila siku. Inataja pia kundi la tatu: tovuti ambazo sehemu kubwa ya anwani zake Search Console inazionyesha kuwa zimegunduliwa lakini bado hazijaorodheshwa. Duka la kurasa elfu moja lisingekuwa kwenye kundi lolote. Duka hilohilo likiwa na anwani elfu arobaini na kitu linaweza kuangukia kundi la tatu. Fungua ripoti ya kurasa ndani ya Search Console, usome mifano iliyo chini ya hali hiyo. Ukikuta imejaa "?saizi=" na "?panga=", na katikati yake bidhaa mpya zinazosubiri zamu, basi umeupata uhusiano kati ya orodha ya pili na ya tatu.

Sasa turudi kwa fundi na mwenzake.

Faili la robots.txt linaiambia roboti isiingie. Utaratibu wake ulianza 1994, na Septemba 2022 ukawekwa rasmi kuwa RFC 9309, hati ya viwango vya intaneti. Unazuia kutembelewa, hauzuii kuorodheshwa. Kama anwani iliyozuiwa imeunganishwa kutoka kwingine, Google inaweza kuiweka kwenye matokeo bila kuisoma, na mara nyingi huionyesha bila maelezo. Lebo ya noindex ina kazi tofauti: inaiambia roboti ingia, soma, lakini usiniorodheshe. Ili lebo hiyo itiiwe, lazima ukurasa usomwe kwanza. Umeona tatizo? Ukifunga mlango kwa robots.txt, Googlebot haitaiona noindex uliyoiweka ndani. Kurasa ambazo tayari zimo kwenye faharasa zinaweza kubaki humo kwa muda mrefu, nawe ukiamini umezitoa. Kuiandika noindex ndani ya faili la robots.txt lenyewe nako hakusaidii. Google iliacha kuitambua mbinu hiyo tarehe 1 Septemba 2019.

Chombo cha tatu, ambacho hawakukitaja, ni lebo ya kanonikali, ile ya rel="canonical" inayosema "nakala halisi ya ukurasa huu ni anwani fulani". Google, Yahoo na Microsoft waliitambulisha Februari 2009. Kwa Google ni dokezo, si amri. Inaweza kulipuuza ikiona kurasa mbili hazifanani, au ikiona viungo na ramani ya tovuti vinasema vingine. Tena haizuii kutambaa, kwa sababu ni lazima ukurasa ufunguliwe ili lebo isomwe. Inafaa sana kwa wale pacha wa "rangi kisha saizi" na "saizi kisha rangi". Haifai kuwa dawa ya anwani elfu arobaini.

Ningefanya hivi. Kwanza, angalia kwenye Search Console kama kurasa za vichujio zimo kwenye faharasa. Kama hazimo, au zimo chache mno, robots.txt moja kwa moja inatosha. Kama zimo kwa wingi, anza na noindex, uache milango wazi, usubiri zitoke. Kazi hii huchukua wiki, hata miezi, kwa sababu Google haina haraka ya kurudia kurasa isizozithamini. Zikishatoka ndipo ufunge. Fundi wako alikuwa na dawa sahihi, ila inakuja baada ya nyingine.

Pili, kabla hujafunga lolote, chagua vichujio vinavyostahili kuishi. Watu hutafuta "viatu vyeusi vya wanaume". Hutamwona mtu akitafuta "viatu vya wanaume panga kwa bei". Rangi inaweza kupewa anwani yake safi, kama /viatu/wanaume/vyeusi, yenye kichwa chake na kiungo kutoka kwenye kategoria. Saizi na mpangilio ndivyo vya kufunga:

User-agent: *
Disallow: /*?*saizi=
Disallow: /*?*panga=

Alama ya nyota inakubalika, herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa, na kanuni mbili zikipingana Google huifuata ile ndefu zaidi. Usizuie mafaili ya CSS (mwonekano wa ukurasa) wala ya JavaScript (msimbo unaouendesha), kwa sababu Google huyahitaji ili kuuona ukurasa kama mteja anavyouona.

Tatu, na hapa ndipo programu uliyolipia inapokuwa na faida kubwa: jaribu kanuni hizo kabla ya kuziweka hewani. Screaming Frog inakubali uandike robots.txt ya majaribio ndani yake na kutambaa kana kwamba ndiyo iliyoko kwenye seva. Endesha, kisha linganisha na orodha yako ya kwanza: je, bidhaa zote 900 bado zinafikiwa? Katika maduka mengi kategoria huonyesha bidhaa za mwanzo tu, na nyingine zinapatikana kwa kubofya kichujio au kitufe cha "onyesha zaidi" ambacho roboti haikibofyi. Ukifunga vichujio katika duka la namna hiyo, bidhaa 300 zinapoteza njia pekee iliyozifikia, na mwezi ujao utakuwa unauliza swali jingine lenye maumivu zaidi. Zikipungua kwenye jaribio, tengeneza kwanza namba za kurasa za kawaida, ukurasa wa 2, wa 3 na kuendelea, zikiwa na viungo halisi vya <a href>.

Bora kuliko robots.txt, noindex na kanonikali ni kutozizalisha anwani hizo. Mwambie fundi aufanye mfumo uandike vigezo kwa mpangilio mmoja daima, bila kujali mteja alianza kubofya wapi. Katika hesabu yetu ya juu, badiliko hilo pekee linaishusha kila kategoria kutoka anwani 2,247 hadi 495. Mpangilio wa bei si lazima uwe na anwani yake hata kidogo.

Nimekaa sana kwenye vichujio kwa sababu kwa duka lako hapo ndipo penye uzito. Yaliyobaki tutayapitia kwa mwendo wa haraka kidogo, kwa kanuni moja: tafuta chanzo, usihesabu madhara.

Misimbo ya 404 (ukurasa haupo), kwa mfano. Usiitoe orodha ukampa mtu airekebishe mmoja mmoja. Bofya anwani iliyokufa, tazama kidirisha cha chini kiitwacho Inlinks, kinachoonyesha kurasa zote zinazoielekea. Mara nyingi utakuta viungo elfu moja vilivyovunjika vinatoka kwenye mstari mmoja wa sehemu ya chini ya tovuti. Ukirekebisha mstari mmoja, vyote vimekwisha. Uelekezaji, yaani kumpeleka mgeni kutoka anwani ya zamani hadi mpya, nao ni hivyo hivyo. Bidhaa iliyohamishwa kwa kudumu itumie msimbo 301 au 308, na 302 iachiwe kuhama kwa muda. Minyororo ya A kwenda B kwenda C ifupishwe iwe A kwenda C. Googlebot hufuata hadi hatua 10, lakini hakuna sababu ya kuichosha. Viungo vya ndani virekebishwe vielekee anwani ya mwisho, usiviache vikitegemea uelekezaji milele.

Kuna kosa ambalo programu haliwekei rangi nyekundu, na madukani limejaa: ukurasa wa bidhaa iliyokwisha kabisa, ulioandikwa "bidhaa hii haipatikani", huku seva ikijibu 200 kana kwamba kila kitu ni salama. Google huuona kama 404 iliyojificha. Tumia kipengele cha kutafuta maneno ndani ya kurasa, andika sentensi hiyo ya mfumo wako, na utazipata zote kwa safari moja. Kama kuna bidhaa mbadala ya kweli, elekeza huko. Kama haipo, toa 404 au 410 (umeondolewa kabisa) bila woga. Kuzielekeza zote ukurasa wa mwanzo hakusaidii, kwa sababu Google inaweza kuzichukulia kuwa 404 zile zile zilizojificha.

Kwenye lebo za kanonikali tazama mambo mawili. La kwanza ni kiolezo kinachoelekeza kila ukurasa kwenye ukurasa wa mwanzo. Hilo ni kosa la mstari mmoja lenye madhara makubwa. La pili ni ukurasa wa 2 wa kategoria kuelekezwa kwenye ukurasa wa 1. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini ukurasa wa 2 una bidhaa tofauti, si nakala; uache ujitaje wenyewe. Lebo za rel="next" na rel="prev" hazitakuokoa hapo, maana mwaka 2019 Google ilieleza kwamba imeacha kuzitumia.

Kama duka lako limejengwa kwa JavaScript, tambaa mara mbili, mara moja ukisoma HTML ghafi na mara moja ukiruhusu ukurasa uchorwe, kisha linganisha idadi ya viungo, vichwa na lebo. Google hutumia toleo jipya la Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome, tangu Mei 2019, kwa hiyo huona mengi, ila haibofyi. Kiungo kinachofanya kazi kwa onclick (amri ya JavaScript) bila href (anwani ya kiungo) hakihesabiwi kuwa kiungo. Na noindex ikiwepo kwenye HTML ghafi, usitegemee JavaScript kuiondoa; Google ikishaiona inaweza kuacha kabisa kuuchora ukurasa. Kagua pia vichwa vya majibu ya seva, yaani maelezo inayoyatuma kabla ya ukurasa wenyewe, kwa sababu noindex inaweza kukaa kwenye X-Robots-Tag ambako huioni hata ukifungua msimbo wa ukurasa. Tovuti nyingi huhamishwa kutoka kwenye seva ya majaribio zikiwa bado na agizo hilo.

Ramani ya tovuti iwe safi: iwe na anwani zinazojibu 200, zinazoruhusiwa kuorodheshwa, na zinazojitaja kuwa kanonikali. Kikomo ni anwani 50,000 au MB 50 kwa faili kabla ya kubanwa, wewe huko mbali nacho. Google haitumii priority (kipaumbele) wala changefreq (kasi ya mabadiliko). Tarehe ya lastmod, ya badiliko la mwisho, huitumia pale inapokuwa ya kweli mara zote. Mfumo unaoweka tarehe ya leo kwenye kila ukurasa kila usiku unaifundisha Google isikuamini. Kisha linganisha ramani na safari ya roboti. Ukurasa uliomo kwenye ramani lakini haujafikiwa na kiungo chochote ni yatima, na kwenye maduka yatima huwa ni bidhaa zilizoondolewa kwenye kategoria moja bila kuwekwa kwenye nyingine.

Kuhusu rundo la maonyo ya vichwa virefu, maelezo mafupi, picha zisizo na maandishi mbadala na H1 (kichwa kikuu ndani ya ukurasa) zaidi ya moja, sitaki yakunyime usingizi. Kichwa kinachokosekana, au kimoja kilichorudiwa kwenye bidhaa mia, kirekebishe. Kichwa kilichozidi pikseli chache hakina adhabu. Kinaweza tu kukatwa kwenye matokeo. H1 mbili hazimdhuru mtu. Maandishi mbadala yaandike, kwanza kwa ajili ya wasioona, na kwa duka la viatu yanasaidia pia utafutaji wa picha.

Kasi ya kurasa usiipime kwa programu ya kutambaa peke yake. Vipimo ambavyo Google huviangalia vinatoka kwa watumiaji halisi wa Chrome, na ukurasa huhesabiwa kuwa mzuri pale asilimia 75 ya ziara zinapokidhi viwango: LCP (muda wa kuonekana kwa kitu kikubwa zaidi) isizidi sekunde 2.5, INP (muda wa kuitikia mguso) isizidi milisekunde 200, CLS (kurukaruka kwa vitu kwenye ukurasa) isizidi 0.1. INP ilichukua nafasi ya FID, kipimo cha zamani cha kuitikia, tarehe 12 Machi 2024, kwa hiyo mwongozo wowote unaokuambia uangalie FID umepitwa na wakati.

Fika sasa kwenye orodha ya tatu. Search Console hukuruhusu kupakua mifano 1,000 tu kwa kila hali, na kwa tovuti yenye takataka nyingi mifano hiyo inaweza kujaa vichujio vitupu. Kwa hiyo gawanya ramani ya tovuti iwe tatu, moja ya bidhaa, moja ya kategoria, moja ya makala, uziwasilishe zote. Ripoti ya kurasa inachujwa kwa ramani, na utaona mara moja kwamba, tuseme, makala zote zimeorodheshwa ila bidhaa nyingi zimekwama. Bidhaa zikiwa kwenye hali ya "imetambaliwa, bado haijaorodheshwa", Google imeshaingia ikasoma na kuamua kutoorodhesha. Kinachofuata ni kusoma kurasa zenyewe kwa macho ya mnunuzi. Mara nyingi maelezo yamenakiliwa neno kwa neno kutoka kwa mtengenezaji na yapo kwenye maduka mengine mengi, na hilo halitatibiwa na mpangilio wowote wa seva.

Unapoandika ripoti kwa fundi, usimtumie faili la mistari elfu arobaini. Kila chanzo kipe aya yake: kiolezo au sehemu inayohusika, anwani tatu za mfano, takriban kurasa zinazoguswa, badiliko unalolitaka, na namna mtakavyojua limefanyika. "Kurekebisha kanonikali" hakuna anayeweza kulipima. "Kiolezo cha kategoria: ukurasa wa 2 na kuendelea ujitaje wenyewe, jaribu kwa /viatu/wanaume?ukurasa=2" fundi anaweza kulifanya mchana huu. Panga kwa madhara kwa kurasa zinazouza, hata kama programu imeziwekea alama ya njano tu.

Hifadhi safari hii ya kwanza ya programu. Fundi akimaliza jambo moja, zitambae anwani za mfano peke yake kwa kutumia hali ya orodha. Akimaliza yote, rudia safari nzima na ulinganishe na ile ya zamani. Na kwa vichujio, hatua ya kuvifunga isiamuliwe kwa kalenda. Kila wiki fungua idadi ya kurasa zilizoondolewa kwa noindex kwenye Search Console, na ripoti ya takwimu za kutambaa iliyo kwenye mipangilio. Anwani za "?saizi=" zikishakauka kwenye faharasa, mruhusu fundi aweke ile mistari miwili aliyoitaka tangu mwanzo, kisha tazama kama maombi ya Googlebot yanahamia kwenye kurasa za bidhaa.